Ukungu kwenye Kamera ya Shihab

Kamera ya Shihab Zahor ilikuwa imekwisha kuona kila kitu isipokuwa kile alichoinunulia. Iliwaona paka wote wa mtaa wao wa Al Khuwair, Maskati, wanene kwa wakondefu. Iliona lori la taka, ikaona jua likichomoza nyuma ya tangi la maji la jirani. Kwa siku nne mfululizo iliuona mtaa kichwa chini miguu juu, kwa sababu Shihab aliifunga kinyume, na magari yakawa yanapita mbinguni. Lakini nani aliyevunja taa ya nyuma ya gari lake, hilo kamera ilikataa katakata kulisema.

Veneranda ndiye aliyeshika tochi siku zote hizo. Alikuwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba hiyo kwa mwaka mmoja na miezi minne, mwanamke wa Karagwe mwenye mikono mirefu na subira ndefu zaidi, na katika mkataba wake hapakuwa na neno juu ya kamera. Lakini bosi akiita, "Vene, tochi," utafanyaje? Alisimama nyuma ya gari na skrubu viganjani, akamtazama mwanamume mzima amekaa kitako juu ya lami na dishdasha yake, kanzu nyeupe, anachokonoa kitu kisichozidi boksi la kiberiti.

Kamera yenyewe ilikuwa ya kubandikwa ndani, kwenye dashibodi. Shihab aliinunua Ruwi, kwa muuzaji aliyemwapia kwamba hata mtoto anaifunga. Akaibandika ndani kama alivyoambiwa. Lakini huo ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 2009, na ndani ya gari lililoshinda juani Maskati mwezi wa Juni unaweza kukaanga yai. Gundi ikayeyuka, kamera ikadondoka, ikazima, ikalazwa siku mbili kwenye friji pamoja na mtindi mpaka ikapata fahamu. Hapo Shihab akakata shauri kwamba ugonjwa ni joto na dawa ni kuitoa nje. Akaifunga nyuma ya gari, juu ya kioo, akavuta waya mpaka kwenye betri, akaivisha kofia ya jua aliyoikata kwa mkasi kutoka kwenye bakuli la plastiki la halua. Kamera ikawa inalala, na kitu kikipita mbele yake inaamka na kupiga picha. Ndivyo kitabu kilivyosema.

Shihab alikuwa karani mkubwa wizarani, mtu wa mafaili, na aliamini hakuna jambo duniani lisilonyooka ukifuata maelekezo kwa nambari. Kitabu cha kamera kilikuwa kimefasiriwa kutoka Kichina kuja Kiarabu na mtu ambaye, inaonekana, lugha zote mbili zilikuwa zikimpiga chenga. Shihab akakifuata hivyo hivyo. Betri akaibadilisha. Kadi ilijaa, akaifuta. Tarehe ilikuwa ya mwaka 2003, akairekebisha. Mkewe, Ghaliya, alisema angefurahi na yeye angetazamwa hivyo, japo nusu saa kwa wiki.

Na kweli, kamera ikapona. Siku moja. Kesho yake picha zikatoka na ukungu mzito, kama mtu katazama mtaa kupitia bilauri ya maziwa. Shihab akalifuta jicho la kamera kwa pamba, jioni likaona vizuri, asubuhi ukungu tena. Ikawa hivyo wiki nzima. Kitabu kilisema ukungu huletwa na bahari, basi akaisogeza kamera inchi tatu mbali na bahari. Ukungu ukabaki palepale.

Mwishowe akaipeleka Wadi Kabir kwa fundi wa umeme wa magari. Fundi akaichezea kidogo, akasema ukungu haujui, lakini anaweza kuifanya iamke upesi zaidi. Shihab akaona hata hilo ni jambo. Na asubuhi ya Jumatano iliyofuata, alipotoka kwenda kazini, akakuta taa ya pili nayo imepasuka.

* * *

Mtu aliyemshuku alikuwa Marhoon, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na pikapu kubwa ya kubebea matangi na tabia ya kurudi kinyumenyume huku anazungumza na simu. Jumatano hiyo, mlangoni mwa msikiti, watu wanavaa viatu baada ya magharibi, Shihab akashindwa kujizuia. Akamwambia Marhoon mbele ya watu kwamba leo amemnasa, picha anazo, na kama hasadiki aje anywe kahawa ajione mwenyewe. Marhoon akasema kahawa haikataliwi. Wakaongozana. Yaani mtu wa mafaili, picha zenyewe hata kuzitazama hajazitazama. Hasira hasara, lakini nani humwambia karani mkubwa?

Basi wakakaa sebuleni mbele ya televisheni. Ghaliya alikaa upande mmoja, na upande wa pili Bi Mwanamize, mama yake Shihab, bibi wa miaka sitini na nne, mdogo wa umbo, tasbihi mkononi. Veneranda akaleta tende, akaleta dele la kahawa. Shihab akachomeka waya, akabonyeza, na mtaa wao ukatokea kwenye televisheni, safi, kila jiwe linahesabika. Hata Marhoon alikaa vizuri.

Halafu kutoka juu ya picha kikashuka kitu kikubwa, kama ndizi, ncha yake nyeusi. Kikaja, kikaja, kikalijaza jicho zima la kamera, kikazunguka mara tatu taratibu, kikaondoka. Baada yake, ukungu. Ndani ya ukungu likapita wingu kubwa kushoto, likarudi kulia, na picha zikaisha.

Marhoon akatafuna tende yake, akaimeza, akanyosha mikono yake miwili mbele ya Shihab. Vilikuwa vidole vya mtu anayebeba matangi, vinene, vifupi.

"Hicho ni kidole, bwana Shihab," alisema. "Lakini walahi si changu."

Kila mtu akatazama vidole vyake, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Veneranda aliyesimama mlangoni, ameshika mpini wa dele kwa vidole virefu vyembamba. Ni yeye aliyekuwa akiosha gari kila asubuhi. Veneranda akahisi dele limekuwa zito. Alitaka kuliweka chini akashindwa kujua pa kuliweka.

"Mkono mchafu," alisema Shihab polepole, mbele ya jirani. "Mnaona ncha ile ilivyo nyeusi? Masizi ya jikoni hayo. Natafuta mchawi nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Veneranda akasema hajaigusa kamera hata siku moja, anaosha bodi na magurudumu tu kama alivyoelekezwa. Akayasema hayo akitazama zulia. Marhoon, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaomba kahawa nyingine ili pawepo la kufanya. Bi Mwanamize akamtazama Veneranda kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga, akavuta tasbihi punje moja.

Alipoondoka Marhoon, mambo yakaharibika zaidi. Shihab akahoji jikoni kama vile yuko wizarani: kwa nini alipake mafuta jicho la kamera? Anamficha nani? Ni nani huja alfajiri? Veneranda alijibu hakuna, hakuna na hakuna, na kila hakuna ilimtia makosani zaidi. Ghaliya alijaribu kusema labda ni bahati mbaya, labda ni kitambaa chenye mafuta. Lakini alikuwa keshabadilisha wafanyakazi wanne, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemhesabu wa tano. Shihab akafunga faili: Jumamosi akitoka kazini atamrudisha ofisini kwa wakala aliyemleta.

Ofisi ilikuwa Ruwi, ghorofa ya chini, mahali wanawake wanapopokelewa wakitoka uwanja wa ndege na wanaporudishwa wakikataliwa. Palikuwa na viti vya plastiki kumi na viwili vimepangwa vikitazama mlango. Veneranda alikalia kimoja siku kumi na tisa kabla ya kuchukuliwa. Mteja akiingia, mnakaa wima. Anawapitia mmoja mmoja, anauliza unajua kupika, una watoto wangapi, onyesha mikono. Aliyerudishwa hukaa viti vya mwisho, na mteja akiuliza kwa nini karudishwa, huambiwa palepale, mhusika akisikia. Veneranda alikuwa na mtoto kidato cha tatu, Eufrasia, anayemwandikia kila mwezi kwamba mama kaza moyo. Moyo alikuwa nao. Kilichomuuma ni kwamba safari hii atakaa kiti cha mwisho, na wataulizana habari zake kama wanavyouliza habari za sufuria iliyotoboka.

* * *

Hakulala vizuri. Alhamisi alfajiri, Shihab akiwa hana kazi, maana wikendi ya huko ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, na mlango wa chumba chake umefungwa, Veneranda alitoka kwenda nyuma ya gari kabla ya kupiga deki. Akalipitishia kidole jicho la kamera, akakinusa. Mafuta ya kupikia anayajua kwa jina na kwa chupa, na hayo hayakuwa ya kupikia. Yalikuwa mafuta ya udi. Tena udi wa thamani, unaotiwa nukta moja nyuma ya sikio siku ya harusi. Ndani ya nyumba ile palikuwa na kichupa kimoja tu cha mafuta hayo, nacho kilikaa ndani ya kasha la Bi Mwanamize, na aliyekuwa akilipangusa kasha hilo vumbi ni yeye.

Akasimama pale akafikiri. Ile ncha nyeusi ya kidole haikuwa masizi. Ilikuwa hina. Bi Mwanamize hutia hina ncha za vidole kila mwezi mpaka zikawa nyeusi kabisa, na aliyemwosha hina hiyo mara ya mwisho alikuwa Veneranda huyo huyo. Mtu angeshangaa vipi Shihab hakukijua kidole cha mama yake. Lakini vidole vya mama haviangaliwi, hubusiwa tu asubuhi na jioni, na anayebusu huwa kafumba macho.

Basi ni zinguo, dawa ya kuondoa kijicho, akajiambia, na moyo ukamtua kidogo. Kibibi anaizingua kamera kwa ajili ya husuda, kama alivyoizingua friji mpya. Atakwenda kumweleza kwa adabu, yatakwisha.

Angefanya hivyo kama asingesikia mlango mdogo wa uani. Bi Mwanamize alitoka na buibui lake, kandambili mkononi asije akapiga kelele, ingawa viyoyozi vya madirishani vilikuwa vikinguruma kiasi kwamba hata jeshi lingepita. Veneranda akarudi nyuma ya tangi. Bibi akaja mpaka nyuma ya gari kwa kunyemelea ubavuni, kama mtu anayemkamata kuku, akatoa kichupa, akachovya, akalizungusha jicho la kamera mara tatu. Kisha akazunguka mbele, akatoa ufunguo kifuani, akafungua mlango wa dereva, akapanda. Alirekebisha kioo. Akavuta mkanda. Akasema bismillahi kubwa, na gari la Shihab likatoka taratibu, taa zake mbili zilizopasuka zikimtazama Veneranda mpaka lilipokata kona.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kitupu kilichongojea kujengwa. Veneranda alipofika, anahema, alikuta chupa nne za maji, zile kubwa za galoni tano alizokuwa akizitafuta mwezi mzima, zimetiwa mchanga na kusimamishwa sambamba. Gari lilikuwa likirudi nyuma katikati yake. Likapinda. Chupa moja ikaanguka, na ya pili ikasukumwa mpaka kwenye tofali la saruji. Breki zikalia. Veneranda hakujua afanye nini, akaenda kusimama mahali palipokuwa na ile chupa.

Kioo cha dereva kikateremka.

"Shikamoo, Bibi," alisema Veneranda, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Hebu sogea, mwanangu. Hapo uliposimama ni pipa."

Wakakaa garini, bibi nyuma ya usukani, Veneranda kando yake, na habari yote ikatoka. Ilikuwa miezi saba sasa Bi Mwanamize anajifunza gari kwa mwalimu wa kike aitwaye Nasriya, na nyumbani anasema anakwenda darsani. Barabarani alikuwa hana tatizo. Tatizo ni mapipa. Kila anayetaka leseni lazima kwanza arudi kinyumenyume katikati ya mapipa bila kuyagusa, na yeye alikuwa ameyagusa mara tatu mbele ya polisi. Nasriya akamwambia afanye mazoezi. Sasa gari la mazoezi akalitoe wapi? Taa alizipasua yeye, kwenye tofali lile lile. Kamera ilipofungwa nyuma aliona siku zake zimekwisha. Kuizima hajui. Kuifunika kwa kitambaa aliogopa, kitambaa kinaonekana. Udi hauonekani, na akikamatwa atasema anazingua.

Veneranda alimwuliza kwa nini asiseme tu kwamba anataka leseni.

"Atasema nini Shihab? Atacheka. Halafu ataficha ufunguo." Bi Mwanamize alishika usukani kwa mikono miwili kama vile gari linakwenda. "Toka alipofariki baba yake, mie nnangoja, Venera. Nataka kwenda kumtazama Kheiria, mgonjwa, nnangoja Shihab arudi kazini. Akirudi nnangoja ale. Akila nnangoja alale. Mwaka wa sita huu nnangoja watu waamke."

Veneranda aliyaelewa maneno hayo vizuri, pengine kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Lakini alikuwa na yake.

"Na mimi Jumamosi narudishwa ofisini, Bibi. Kwa kidole chako."

Bi Mwanamize akageuka. Hilo hakulijua. Yeye aliingia chumbani kwake mapema siku ile, akadhani ni makaripio ya usiku mmoja, yatapita kama yanavyopita mengine.

"Ulikuwepo," alisema Veneranda. "Aliposema mkono mchafu, ulikuwepo. Ulinitazama."

"Nilikutazama," alisema bibi, na hakujitetea. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ukingo wa buibui, akaona haya.

Kisha akamwomba kitu kigumu. Mtihani wake wa nne ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo, asubuhi. Akisema leo, ufunguo utafichwa na mtihani hautakuwepo. Ampe mpaka alasiri ya Jumamosi. Akipasi atasema akiwa na leseni mkononi. Veneranda akauliza, na akianguka? Akianguka atasema vile vile. Akaapa walahi. Veneranda alikuwa amekwisha kuapiwa na watu wengi katika maisha yake, wengine wakiwa wamevaa tai, na nusu ya viapo hivyo ndivyo vilivyomfikisha kwenye viti vya plastiki. Akamtazama yule bibi mdogo, ambaye miguu yake ilifika kwenye pedeli kwa taabu, na akajikuta amekubali. Hakujua kama ni huruma au ni ujinga. Vyote viwili hufanana alfajiri.

Akateremka, akasimamisha chupa, akaanza kuelekeza: kata kulia Bibi, taratibu, simama, nyosha. Hata baiskeli alikuwa hajui kuendesha. Lakini mara ya mwisho chupa tatu kati ya nne zilibaki zimesimama.

* * *

Jumamosi saa mbili asubuhi Bi Mwanamize alitoka, akamwambia Ghaliya anakwenda tangani, kuna msiba. Ghaliya akauliza tanga la nani. La watu, akajibiwa.

Veneranda alipika, akafua, akakunja shuka za watu wote kana kwamba atazikuta zimelaliwa. Saa saba ikapita. Saa nane. Akatia nguo zake kwenye begi huku akisikiliza mlango. Saa tisa Shihab akafika, ameshika bahasha ya kaki yenye pasipoti ya Veneranda, ambayo Veneranda hakuwa ameiona tangu siku aliyofika. Ghaliya alimkumbatia kwa haraka, kama mtu anayefunga dirisha, akaingia ndani.

Njiani Shihab alieleza, bila kuulizwa, kwamba yeye si mtu mkali, ila nyumba ni kama ofisi, bila uaminifu haiendi. Alikuwa ameifuta kamera kwa kolonya, na tangu Ijumaa haina ukungu, jambo ambalo kwake lilikuwa ushahidi. Ijumaa Bi Mwanamize hakutoka. Veneranda alikaa kiti cha nyuma, begi mapajani. Karibu na Ruwi ikaadhiniwa alasiri. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akisema sasa, na bibi akikana, atakuwa mchafu na mwongo pia. Neno la mama mtu na neno lake hayapimwi kwenye mizani moja, na hilo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alimkasirikia Bi Mwanamize kwa hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa Shihab, kwa sababu Shihab hakuwahi kumwahidi kitu.

Ofisini viti vilikuwa kumi na viwili vile vile, wanawake saba wamekaa. Veneranda akaelekea kiti cha mwisho mwenyewe, bila kuonyeshwa. Mwenye ofisi, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, akaweka bahasha mezani akauliza sababu ya kurudishwa. Shihab akaanza kueleza: kamera, jicho, mafuta, kidole. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika upuuzi. Mwanamke mmoja wa Tanga kwenye kiti cha tatu akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

Nje honi zikaanza kulia. Barabara ya mbele ya ofisi ilikuwa imebanwa na magari pande zote, na katikati yake gari dogo la kufundishia, lenye ubao wa mwanafunzi juu ya paa, lilikuwa limesimama likiwasha taa ya kuegesha. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa kati ya teksi na lori la maziwa, nafasi ambayo mtu mwenye akili zake angeipita. Gari likaanza kurudi nyuma. Watu wakasimama kutazama. Dereva wa teksi akatoka mkahawani mbio, akasimama ameshika kichwa. Shihab, dirishani, akasema watu wengine leseni wanazitafutia nini, na ndipo alipoona nani yuko nyuma ya usukani.

Gari likaingia. Likasogea mbele kidogo, likarudi, likanyooka, hatua moja na ukingo wa njia. Teksi haikuguswa. Lori la maziwa halikuguswa. Bi Mwanamize akazima, akateremka, na Nasriya akateremka upande wa pili akiwa amelowa jasho.

Bibi aliingia ofisini akatoa salamu, akajibiwa na wote. Shihab akasema, "Mama."

"Nimeanguka," alisema Bi Mwanamize. "Mara ya nne leo. Pipa la mwisho, kwa nyuma, nimeligusa hivi tu." Akaonyesha kwa kidole, halafu akakiacha kidole kile juu, mbele ya uso wa mwanawe. "Na hichi ndicho ulichokuwa ukikitafuta. Taa zako nimevunja mie, kamera nimeipaka mie. Nilikuwa nataka kukwambia nikiwa na leseni nikustaajabishe. Sina. Nimekuja hivi hivi."

Aliyasema mbele ya wanawake wanane na mwenye ofisi na dereva wa teksi aliyekuwa ameingia kulalamika akasahau. Shihab alikitazama kidole, akatazama gari lililo nje, akamtazama mama yake kama vile karani mwenzake kamletea faili la mtu asiyemjua. Uso wake ulipitia rangi kadhaa. Akarekebisha kofia, akamgeukia Veneranda.

"Basi, Vene. Khalas. Chukua begi lako, twende nyumbani."

Mwenye ofisi akafunga kalamu yake. Nasriya akashukuru Mungu. Kila mtu akasogea kuelekea mlangoni, mpaka walipoona kwamba Veneranda hakuinuka.

"Bosi," alisema. Hakutazama chini. "Jumatano uliniita mkono mchafu mbele ya bwana Marhoon. Naomba leo aambiwe."

Feni ikazunguka juu yao. Wanawake saba walikuwa wamekaa wima, kama anapoingia mteja, lakini waliyekuwa wakimtazama alikuwa Shihab. Yeye alimtazama mama yake, kutafuta msaada. Bi Mwanamize aliitazama feni.

"Atacheka," alisema Shihab mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilimtuhumu pia yeye. Mtaa mzima utacheka."

"Watacheka," Veneranda alikubali, na akabaki amekaa.

Shihab alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa taratibu, na pengine ndani yake, chini ya mafaili yote yale, alijua kwamba taratibu ya haki ilikuwa hiyo na hakuna nyingine.

"Nitamwambia. Baada ya magharibi."

"Mimi nikiwepo."

"Ukiwepo."

Hapo Veneranda akasimama. Akachukua begi lake. Akapita mezani, akaichukua ile bahasha ya kaki, akaifungua, akaitazama picha yake ndani ya pasipoti kuhakikisha kwamba ni yeye, akaitia mkobani mwake na kuvuta zipu. Mwenye ofisi alimtazama Shihab. Shihab alinyosha mkono nusu, kisha mkono ukarudi wenyewe.

Nje, Shihab akatangulia kufungua mlango wa nyuma wa gari lake akangoja. Veneranda akampita, akaenda kwenye gari lenye ubao juu ya paa, akakaa nyuma ya Bi Mwanamize, akafunga mkanda akaukaza, na akapiga ishara ya msalaba, maana kutoka kati ya teksi na lori la maziwa ilikuwa bado.